Ng'ombe wa Mheshimiwa

Siku hiyo nilikuwa nimevaa kadi shingoni iliyoandikwa MTAALAMU WA LUGHA. Kamba yake ilikuwa ya kijani, na niliivaa tangu asubuhi, kabla hata sijafika ukumbini, nilipokuwa bado nanunua maji dukani pale Kiirua. Ningeweza kuitia mfukoni. Sikuitia. Mtu wa miaka hamsini na miwili, mwenye shahada mbili na makala ambazo husomwa zaidi na mhariri wake, huwa na hamu ya kutambuliwa hata na muuza maji.

Naanza na kadi hiyo kwa sababu nataka ieleweke mapema kwamba hasira iliyomo humu siimwagi kwa wengine tu. Inaanzia hapa shingoni mwangu.

Mbunge wa kule nyumbani alikuwa ametangaza kwamba kabla ya kupiga kura kuhusu kikosi kingine cha wanajeshi kupelekwa nje ya nchi, angependa kusikia wananchi wake wanasemaje. Jambo jema. Katiba yetu inasema wanajeshi hawapelekwi nje bila idhini ya Bunge. Ni sentensi fupi, nzuri, na nimewahi kuisifu gazetini kama mtu anayesifu ng'ombe wa jirani. Kwamba vita vyenyewe vikitangazwa, Bunge la Taifa ndilo linaloidhinisha, hilo nalo limeandikwa. Vita ambavyo havikutangazwa, vinavyoitwa kwa majina mengine ya upole, hivyo hutegemea kura kama ile iliyokuwa inakuja. Mheshimiwa alikodi watu watatu kutoka Nairobi waje wakusanye maoni kitaalamu. Hao watatu hawakujua neno la Kimeru, kwa hiyo akatafutwa mtu wa kutafsiri, na mimi nikatoka kwangu Runyenjes, nikaacha kahawa yangu ikinyauka kwa raha zake, nikaenda kuwa mtu muhimu.

Dada yangu mkubwa analima viazi Kiirua. Kabla ya hapo alifunga maua miaka kumi na mmoja kwenye shamba moja upande wa Timau, amesimama katika chumba baridi kuliko mlima wenyewe, na vidole vyake havijawahi kurudi kuwa vidole sawasawa. Ni mjane. Ana watoto watatu, na yule wa kati ni mwanajeshi. Kikosi chake ndicho kilichokuwa kinatajwa.

Aliposikia nimepewa kazi ile alinipigia simu.

"Mwana wa mama yangu, ni kweli wewe ndiye utakayewasemea watu?"

"Nitatafsiri tu."

"Nina swali moja. Sitaki mawili. Nataka lifike kule wanakopigia kura kabla hawajapiga."

"Uliza, litafika. Mimi mwenyewe nitakuwa hapo."

"Basi limefika," akasema, akakata simu.

Nimelala na maneno hayo mawili mara nyingi tangu siku hiyo. Basi limefika. Hakuna chuo kilichowahi kunipa cheti cha kuniamini namna hiyo.

Mkutano ulifanyika kwenye ukumbi wa kanisa, mheshimiwa mwenyewe akiwa ameketi mbele. Upepo wa Kiirua ulikuwa unainua bati na kulirudisha, na kila liliporudi wageni wa Nairobi walitazama juu. Kiongozi wao alikuwa mama mmoja mpole mwenye miwani, na upole wake ndio ulionisumbua baadaye, maana mtu hujua la kufanya na mkorofi. Aligawa fomu. Kila fomu ilikuwa na visanduku vitatu: Naunga Mkono, Napinga, Sina Maoni. Akaeleza kwa Kiswahili safi kwamba nchi yetu ina wajibu kwa majirani, kwamba vijana wetu wanasifika kwa nidhamu, kwamba sheria za kimataifa za vita zitaheshimiwa. Nikatafsiri. Nilitafsiri vizuri sana, kusema kweli. Niliona wazee wawili wakitikisa vichwa kwa namna nilivyolipatia neno "majirani" uzito wake.

Mtu wa kwanza kusimama aliuliza barabara ya kwenda mnadani itawekwa lami lini. Wa pili alisema hana neno na vita, bali kama wanajeshi wanahitajika, basi safari ijayo waandikishwe wengi zaidi kutoka kwetu, kwa sababu mwaka uliopita vijana wetu walirudishwa kwenye usajili kwa sababu ya meno. Wa tatu aliomba. Aliombea Bunge, akaombea mvua, akaombea wageni wafike salama, na sote tukasema amina.

Kisha dada yangu akasimama. Alikuwa amevaa sweta yake ya kanisani. Hakushika fomu. Alisema kwa Kimeru, taratibu, na nitayaweka hapa maneno yake jinsi nilivyopaswa kuyaweka siku ile.

"Mimi sikuja kukataa. Mwanangu alikwenda jeshini kwa miguu yake mwenyewe. Lakini baba yangu alinifundisha hivi. Zamani vijana hawakutoka kwenda vitani mpaka mzee mwenye mamlaka hayo awabariki. Wakienda bila baraka, hao walikuwa wezi. Na huko vitani kijana akiangushwa chini, mkuki uko juu yake, alikuwa na ukelele mmoja: chukua ng'ombe! Akisema hivyo hakuuawa. Alichukuliwa, akawekwa, akapewa chakula, mpaka baba yake atoe ng'ombe amkomboe. Sasa mheshimiwa, baba ya mwanangu amekufa. Mimi nina ng'ombe mmoja. Wewe ndiye utakayesema ndiyo, waende. Ukisema ndiyo, wewe ndiye uliyembariki. Siku mwanangu akiangushwa huko akapiga ukelele, nani atatoa? Ng'ombe wako ni wangapi?"

Ukumbi ulicheka. Hakikuwa kicheko cha dharau. Ni kile kicheko cha watu walioona jiwe likirushwa na kufika. Kila mtu pale alijua kwamba mheshimiwa ana ng'ombe wa maziwa nyuma ya ukuta wa mawe kwenye barabara ya Timau, na kwamba hakuna aliyewahi kuruhusiwa kuwahesabu.

Mama mwenye miwani alitabasamu, akanigeukia. "Anasema nini?"

Nilikuwa na sekunde kama tatu. Mheshimiwa alikuwa ameketi mita mbili kutoka kwangu. Wageni walikuwa wageni. Kwetu mgeni huwekewa kiti, huwekewa chai, na hasemwi vibaya akiwa bado na kikombe mkononi. Nikasikia sauti yangu, ile sauti ya kongamano, ikisema:

"Mama anaomba usalama wa vijana wetu uzingatiwe."

"Asante sana, mama," akasema yule mwenye miwani, akaandika. "Jamani, tumpigie mama makofi."

Na watu wakapiga makofi. Ndiyo, walipiga. Kwetu ukiambiwa mpigie mtu makofi unapiga, hata kama ni ya mazishi. Walikuwa wamesikia alichosema na wamesikia nilichosema, maana Kiswahili wanakijua wote, na bado wakapiga, kwa heshima ya wageni, wengine wakinitazama mimi. Mheshimiwa naye alinitazama. Yeye amezaliwa matuta matatu kutoka kwetu. Kimeru chake ni kizuri kuliko changu. Alinitikisia kichwa kidogo, kama mtu anavyomtikisia mhudumu aliyetoa nzi kwenye chai kabla mgeni hajamwona.

Baada ya mkutano kulikuwa na soda na mkate. Mwenye bucha wa pale sokoni, tuliyesoma naye darasa la tano kabla hajapata akili ya kuacha, akanikuta nimesimama karibu na kreti.

"Mwalimu," akasema, "hizo ng'ombe zilienda wapi?"

"Ng'ombe gani?"

"Usiniulize ng'ombe gani. Zilitoka kwa dada yako na pembe zake, nikaziona na macho yangu. Zikapita kwako. Zikafika kwa wageni hata mkia hakuna. Mimi nachinja, lakini sijawahi kumaliza ng'ombe haraka hivyo."

Waliokuwa karibu walicheka, na mimi nikacheka nao, nikiwa na kadi yangu kifuani.

Dada yangu alinisubiri mlangoni. Tulitembea hadi kwake, akanipa chakula, akakaa kwenye kigoda upande wa pili wa jiko akinitazama nikila. Alingoja nimalize. Hilo pia ni heshima, na lilikuwa baya kuliko kelele.

"Uliwaambia nilichosema?"

"Niliwaambia kiini chake."

"Kiini ndicho nini?"

"Lile jambo lenyewe. Bila maneno mengi."

"Mimi nilisema maneno mengi?"

"Hapana."

"Nilitukana mtu?"

"Hapana, dada."

"Nilisikia ukisema vijana. Mimi sikusema vijana. Nilisema mwanangu. Na nilisikia ukisema naomba. Mimi sikuomba."

Nilimweleza kwamba kuna namna ya kuzungumza kwenye vikao rasmi, kwamba lugha ya ofisi ina taratibu zake, kwamba ukisema kitu kwa ukali kinaweza kupuuzwa. Nilieleza kwa dakika tano nzima. Aliinuka akaanza kuosha sahani yangu.

Sasa nitasema jambo ambalo linanichoma kila nikilikumbuka. Nilipokuwa chuo kikuu niliandika tasnifu kuhusu sheria za vita za wazee wetu. Kurasa mia moja na kumi. Nilikuwa na sura nzima kuhusu ule ukelele wa chukua ng'ombe. Baba alinisimulia, nikaandika, nikaweka tanbihi, nikalinganisha na mikataba ya kimataifa inayosema kwamba aliyesalimu amri asiuawe na mfungwa wa vita alishwe na kutibiwa. Niliandika kwamba wazee wetu hawakuhitaji kufundishwa hayo na mtu yeyote. Niliandika pia, na nilijivunia sana sentensi hiyo, kwamba katika sheria ya wazee gharama ya vita ilitoka kwenye zizi la mtu anayejulikana. Wasahihishaji walinipa alama za juu. Mmoja alisema nimezipa uhai sheria zilizokufa.

Hazikuwa zimekufa. Zilikuwa Timau zinafunga maua na Kiirua zinapanda viazi, na siku zilipoinuka mbele ya mbunge kuuliza swali, kwa sweta ya kanisani, mimi ndiye niliyezinyamazisha. Lingekuwa jambo dogo kama ningekuwa mjinga. Mjinga hutafsiri neno kwa neno. Inahitaji mtu aliyesoma kuua swali bila kuacha damu.

Wiki mbili zikapita. Nilirudi Runyenjes, nikapalilia, nikaandika makala kuhusu uadilifu. Asubuhi moja dada yangu akanipigia. Muhtasari wa maoni ulikuwa umetumwa kwenye simu za watu, na binti yake mdogo alikuwa amemsomea.

"Msomee mjomba wako," nikasikia akisema.

Binti akasoma: "Mkazi wa Kiirua, mama wa mwanajeshi. Anaunga mkono. Aliomba usalama wa vijana uzingatiwe. Wananchi walionyesha kukubaliana kwa kupiga makofi."

Akamrudishia mama yake simu.

"Umesikia?" akauliza dada yangu.

"Nimesikia."

"Nani aliwaambia ninaunga mkono?"

"Dada, labda walidhani..."

"Wanapiga kura wiki ijayo. Njoo."

Kesho yake nilifika. Ofisi ya mheshimiwa iko ghorofani, juu ya duka la mbegu, na ngazi zake zina harufu ya dawa ya wadudu wa mahindi. Msaidizi wake alitupokea vizuri, akatuketisha, akauliza habari za mvua. Dada yangu akasema Kiswahili chake, kile cha shamba la maua, ambacho hakina adabu za ziada.

"Mimi nimeandikwa naunga mkono. Mimi sikusema hivyo."

Msaidizi akafungua kompyuta, akatafuta, akapata. "Kwa hiyo mama, tuandike ulipinga?"

"Sikupinga."

"Basi tuandike huna maoni."

"Nina maoni. Niliuliza swali."

Msaidizi akageuza kompyuta ili tuone. Hakuwa mkorofi, alikuwa anatuonyesha kwa masikitiko ya kweli. "Mama, hapa kuna visanduku vitatu tu. Swali halina kisanduku."

"Basi andika chini."

"Chini tuliandika maneno yako yenyewe. Aliomba usalama wa vijana uzingatiwe. Hayo yalitoka kwa mtaalamu wa lugha." Akaniangalia, hakunitambua bila kadi. "Kama tafsiri ilikuwa na makosa, mama, kwa nini hukusema siku ile ile?"

Dada yangu aliangalia mikono yake. Angeweza kunionyesha kidole, hakufanya hivyo. Alikuwa ananingoja, kama alivyongoja nimalize kula.

"Alisema," nikasema. "Alisema vizuri. Mtaalamu ni mimi. Nilibadilisha."

"Ulikosea?"

"Sikukosea. Nilielewa kila neno. Nilibadilisha kwa sababu niliogopa."

Msaidizi alitutazama kwa zamu. Nadhani hakuwa na kisanduku cha hilo pia.

Hapo ndipo mheshimiwa mwenyewe alipoingia, ametoka uwanjani, viatu vina tope, simu mkononi. Alimsalimu dada yangu kwa mikono miwili, kama mtoto aliyelelewa vizuri. Msaidizi akamweleza. Alicheka.

"Mama, unahangaika bure," akasema kwa Kimeru. "Mimi nilikusikia siku ile. Kila neno. Nilihitaji huyu mwalimu anitafsirie?"

Nilihisi kama mtu aliyemwagiwa maji ya mlimani. Muda wote nilikuwa nimejilaumu kwamba nililizuia swali lisifike. Wala sikulizuia. Nilimpa mahali pa kujificha tu, na akakaa humo kwa starehe.

"Ulinisikia," akasema dada yangu.

"Nilikusikia, mama."

"Na hukunijibu."

"Haikuwa mahali pake. Lakini nitalisema Bungeni. Nakuahidi."

"Sema sasa. Nisikie utakavyolisema huko."

Akacheka tena, akatuangalia, akaona hatucheki. Akakohoa. Akasimama wima, kwa mzaha, mkono mmoja kifuani, akasema kwa Kiswahili: "Mheshimiwa Spika, mama mmoja katika eneo langu anaomba usalama wa vijana wetu uzingatiwe."

Sentensi yangu. Hakuongeza wala hakupunguza hata silabi. Niliisikia ikitoka kinywani mwa mtu mwingine, nikaelewa kwa nini aliipenda: ni sentensi ambayo mtu anaweza kupita katikati yake bila kuguswa upande wowote.

"Hiyo si yangu," akasema dada yangu. "Hiyo ni ya huyu." Kisha akanigeukia. "Mfundishe."

Basi nikamfundisha. Katika maisha yangu nimefundisha watu wengi mambo yasiyo na faida, lakini sijawahi kumfundisha mbunge kusema swali la dada yangu, sentensi moja moja, msaidizi wake akiwa amesimama mlangoni. Nilisema, naye akarudia. Mara ya kwanza aliruka ukelele. Dada yangu akamrudisha. Mara ya pili alisema "serikali itatoa." Dada yangu akasema, "Sikuuliza serikali. Nilikuuliza wewe." Mara ya tatu alisema yote, mwanzo hadi mwisho, na lazima nikiri alisema vizuri, ana sauti nzuri, ndiyo maana anachaguliwa.

"Mama, wewe ni hatari," akasema akifuta kipaji cha uso. "Nitalisema. Kila kitu."

Tuliposhuka ngazi dada yangu aliniambia, "Anaonekana ni mtu mzuri." Mtu mzuri ndiye anayenitia hofu. Wabaya hawajifunzi kwa moyo.

Mjadala ulifanyika alasiri, na mimi sikuwa nimerudi Runyenjes. Tulikuwa kwenye banda la viazi, tukichagua mbegu, vidogo huku, vilivyochipuka huku, na binti aliiweka simu juu ya debe ili tusikie matangazo. Wabunge walizungumza kwa muda mrefu. Mmoja alisema majirani. Mwingine alisema nidhamu. Dada yangu hakuacha kuchagua viazi. Ilipotajwa sehemu yetu, akaacha.

Mheshimiwa alianza na salamu, akashukuru, kisha akasema:

"Mheshimiwa Spika, kule kwangu kuna mama mmoja, mkali kweli kweli. Nilipokwenda kukusanya maoni ya hoja hii alisimama mbele ya watu wote akaniuliza, eti mheshimiwa, ukisema ndiyo, ng'ombe wako ni wangapi?"

Bunge likacheka. Tulisikia kabisa, kicheko kikubwa cha watu walioshiba.

"Nikamwambia, mama, ng'ombe zangu ziache zipumue!"

Wakacheka zaidi. Mtu mmoja alipiga meza.

"Mheshimiwa Spika, akina mama wetu ni wachangamfu, na wako nyuma ya wanajeshi wetu. Kwa hayo machache, naunga mkono."

Akaketi.

Nilisimama. Sijui nilitaka kwenda wapi. Banda lina mlango mmoja na ulikuwa umezibwa na magunia. Nilianza kusema maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa na ambayo binti aliyasikia mara ya kwanza kutoka kwa mjomba wake msomi. Yule mtu hakuwa amedanganya. Aliahidi kulisema na amelisema; ukitafuta kwenye kumbukumbu za Bunge utalipata. Swali lilifika kabla ya kura, kama dada yangu alivyotaka. Ila mimi niliondoa ng'ombe nikawaacha vijana. Yeye akawaacha ng'ombe akamwondoa kijana. Hakuna aliyeangushwa chini, hakuna mkuki, hakuna ukelele. Palibaki mama mchangamfu anayetamani kujua utajiri wa watu. Tumesoma shule tofauti, yeye na mimi, lakini kazi yetu ni moja, na yeye ni fundi zaidi.

Spika akauliza wanaosema ndiyo. Ndiyo ilikuja kama bati la kanisa likirudi mahali pake. Akauliza wanaosema la. Palikuwa na la, nyembamba, ya watu wachache sijui akina nani, na hao nawashukuru popote walipo. Dakika moja baadaye walikuwa kwenye jambo lingine, nadhani ni sukari.

Dada yangu alikuwa bado ameketi juu ya gunia, kiazi mkononi.

"Hakusema ni wangapi," akasema.

"Amekufanya kichekesho, dada. Mbele ya nchi nzima."

"Nimesikia. Lakini hakusema ni wangapi."

Mpwa wangu alipiga simu siku mbili baadaye, mchana, tukiwa bado palepale. Alikuwa mchangamfu, mwenye haraka, nyuma yake kukiwa na sauti za vijana wengine. Alisema wanatoka Jumamosi. Alisema tusiwe na wasiwasi, hii ni kazi, ameisomea. Alisema ameona kipande cha mheshimiwa kwenye simu, wenzake wanamtania kambini, wanamwita mwana wa ng'ombe. Alikuwa anacheka.

Mama yake alimwacha acheke. Kisha akasema, kwa sauti ile ile ambayo humwambia asisahau sweta:

"Nisikilize. Babu yako alinifundisha hivi. Ukianguka, mtu akiwa juu yako na silaha, usinyamaze. Piga ukelele. Sema chukua ng'ombe. Sema kwetu yuko mmoja, wa maziwa, ana ndama tumboni. Sema mama yangu atamleta mwenyewe."

Upande wa pili kelele zilipungua. Nadhani alikuwa amesogea mbali na wenzake.

"Mama," akasema taratibu, "hao watu hawajui Kimeru."

"Basi sema kwa Kiswahili. Sema hivyo hivyo nilivyosema. Na usimwachie mjomba wako akutafsirie."

Kisha akamrudishia binti simu, akaniambia nisogeze gunia, linamkingia mwanga.